NJIA ISIYO NA WA KWANZA WALA WA MWISHO

Maoni ya Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu wasomaji, juma la tatu la muhula huu matokeo ya mtihani uliopita yalibandikwa katika ubao wa matangazo, karibu na mlango wa bwalo. Nyote mwaijua siku hiyo jinsi ilivyo. Watu husukumana, na kila mmoja huweka kidole juu ya karatasi na kukishusha polepole akilitafuta jina lake. Jirani yangu wa kitanda, ambaye sitamtaja, kidole chake kilishuka mbali sana. Muhula uliotangulia alikuwa wa 9. Safari hii alikuwa wa 41. Jioni ile hakuja kula. Usiku nilimsikia akigeuka-geuka kitandani, na alfajiri akaniambia kwamba angefunga sanduku lake aende nyumbani, wala hakuona sababu ya kurudi tena.

Hakwenda, namshukuru Mungu, kwa kuwa mwalimu wa malezi alimwita akazungumza naye kwa muda mrefu. Nimeanza na habari hiyo si kwa nia ya kuwalaumu walimu wetu. Mtihani ni lazima uwepo, na anayetaka kujua amefika wapi hana budi kupimwa. Lakini hebu tujiulize: ni jambo gani tufanyalo hapa shuleni ambalo halina wa kwanza na wa mwisho? Darasani tunapangwa kwa namba. Uwanjani tunapangwa kwa namba. Mabweni hushindana kwa usafi, kwaya hushindana kwa kuimba, na hata kwenye foleni ya uji wako waliotangulia na waliochelewa. Mtu akianguka katika mambo hayo yote, ataweka wapi mguu wake asihesabiwe?

Maoni yangu ni haya: shule yetu yafaa iwe na walau njia moja isiyo na wa kwanza wala wa mwisho. Njia ya namna hiyo ipo duniani tangu zamani sana, nayo ni mzingile.

Kwanza nieleze neno lenyewe, maana wengine wamekwisha kunicheka. Wazee walisema "mzingile mwambiji" juu ya jambo lenye kuzungusha na kutatiza, na kwa hiyo wengi wakisikia mzingile hufikiri juu ya vichochoro vya kupotezana, vyenye njia panda kila hatua na kuta za kukuzuia usione mbele. Huo sio ninaousema mimi. Mzingile ninaousema ni mchoro wa duara juu ya ardhi, nao una njia moja tu. Hauna njia panda hata moja. Njia inazunguka, inarudi, inazunguka tena, mpaka inafika katikati. Na ukigeuka, njia ile ile itakutoa nje pale pale ulipoingilia. Mradi hukukatiza mistari, huwezi kupotea. Kazi yako ni kwenda tu.

Mchoro huu ni wa kale mno. Kusini mwa Ugiriki, mahali paitwapo Pylos, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kibao cha udongo cha yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo. Upande mmoja karani ameandika hesabu za mbuzi. Upande wa pili amekwaruza mzingile. Mimi nikimfikiri karani yule namwona kama mmoja wetu, achoraye nyuma ya daftari la hesabu wakati mwalimu anapoandika ubaoni. Tena katika pwani za Uswidi na Ufini kuna mamia ya mizingile iliyopangwa kwa mawe chini, mingi yao karibu na makambi ya wavuvi wa zamani.

Lakini ulio mashuhuri kuliko yote uko Ufaransa, katika kanisa kuu la mji wa Chartres. Kanisa lililotangulia liliungua mwaka 1194, na katika kulijenga upya, mnamo miaka ya mwanzo ya karne ya 13, mafundi walilaza mzingile wa mawe katika sakafu. Upana wake wapata mita 13, una mizunguko 11, na njia yake ikinyooshwa ni zaidi ya mita 260. Siku nyingi za mwaka hufunikwa na viti vya waumini, lakini baadhi ya siku, hasa Ijumaa, viti huondolewa na watu kutoka nchi nyingi huja kuutembea.

Sasa sikilizeni jambo linalonipendeza katika mzingile wa Chartres. Mtu akiingia, mara tu baada ya hatua chache njia humleta karibu kabisa na kitovu. Hudhani amefika. Kumbe hapo ndipo safari inapoanza, maana njia humgeuza na kumpeleka mbali. Na karibu na mwisho hujikuta yuko katika mzunguko wa nje kabisa, ukingoni, kana kwamba ameshindwa; na hapo ndipo njia inapomgeuza na kumwingiza kati. Kwa hiyo ukisimama pembeni ukawatazama watu ishirini ndani ya mzingile, huwezi kusema ni nani aliye mbele na nani aliye nyuma. Aliye karibu na kitovu pengine ndiyo kwanza ameingia, na aliye ukingoni pengine amebakiza hatua chache tu. Ubao wetu wa matangazo hauwezi kutufundisha somo hilo.

Tena isidhaniwe kwamba mzingile ni jambo la huzuni, la mtu kwenda peke yake akiinamisha kichwa. Katika mji mwingine wa Ufaransa uitwao Auxerre, wakuu wa kanisa walikuwa na desturi ya kukutana siku ya Pasaka juu ya mzingile. Walishikana mikono, wakacheza kwa kuuzunguka huku wakiimba, na mkubwa wao akiwarushia mpira mmoja mmoja. Mkuu mpya aliyeingia katika chama chao ndiye aliyepaswa kuleta mpira huo. Baadaye walikwenda kula pamoja. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1538. Na katika mji wa Reims mzingile wa kanisa uling'olewa mwaka 1779; inasemekana kwamba watoto walikuwa wakiucheza na kupiga kelele wakati wa ibada, na mzee mmoja wa kanisa akatoa fedha ili uondolewe. Nikisoma habari hiyo nawahurumia watoto wale. Nadhani na sisi tungalifanya kelele zile zile.

Uingereza nako, katika mji wa Saffron Walden, kuna mzingile mkubwa uliochongwa katika majani ya uwanja wa mji. Hati ya mwaka 1699 yaonyesha kwamba watu walilipwa kuukata upya. Jambo hili lina maana kubwa. Mzingile wa majani usipotunzwa, majani huufunika na kuufuta kabisa. Basi kuwepo kwake mpaka leo ni ushahidi kwamba kizazi baada ya kizazi wenye mji walikubaliana kuutunza. Mzingile wa namna hiyo ni mali ya watu wote, kama kisima.

Katika zama zetu mambo haya yamefufuka tena. Mwaka 1991 kasisi mmoja mwanamke wa San Francisco, Marekani, jina lake Lauren Artress, alikwenda Chartres na wenzake, wakaondoa viti wakautembea mzingile. Aliporudi kwao alitengeneza mfano wake juu ya turubai, akautandika katika kanisa kuu la Grace ili mtu yeyote autembee. Tangu hapo mizingile imetengenezwa katika hospitali, magereza, shule na bustani za miji katika nchi nyingi. Na kila mwaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei huadhimishwa Siku ya Mizingile Duniani. Siku hiyo watu huombwa watembee saa saba mchana, kila mmoja kwa saa ya nchi yake, ili mwendo upokezane kutoka mashariki hadi magharibi kama mbio za kijiti. Ila katika mbio hizi hakuna ashindaye.

Ndugu wasomaji, kusoma ni kitu kimoja na kujaribu ni kingine. Jumamosi moja baada ya usafi, mimi na wenzangu kumi na mmoja tulikwenda nyuma ya bwalo, tukachukua ufito, kamba na jivu la jikoni, tukachora mzingile mdogo wa mizunguko 7. Jirani yangu wa kitanda alikuja pia, ingawa alisema amekuja kutazama tu. Tulikubaliana masharti mawili: asiwepo wa kusema, na asiwepo wa kukimbia. Tukaingia mmoja mmoja.

Mwanzoni tulicheka. Mtu akipishana na mwenzake bega kwa bega hawezi kujizuia. Lakini baada ya mizunguko miwili kicheko kilikwisha chenyewe, tukasikia nyayo zetu tu. Mimi nilifika katika mzunguko wa ndani kabisa, unaokigusa kitovu, nikatazama nikamwona jirani yangu yuko mizunguko miwili nje yangu. Moyoni nikasema, "Nimemwacha." Naona haya kuyaandika maneno hayo, lakini ndiyo niliyoyasema. Basi njia ikanigeuza kwenda nje, na nilipokuwa bado nazunguka nikamwona amesimama katikati. Alikuwa mbele yangu muda wote, nami sikujua. Nilipofika alinisogelea kunipa nafasi ya kusimama, akatabasamu. Hilo lilikuwa tabasamu la kwanza nililoliona usoni mwake tangu karatasi ile ibandikwe.

Sisemi kwamba mzingile ulimponya. Ningesema hivyo ningekuwa mganga wa uongo. Aliyemsaidia ni mwalimu wa malezi, na mwenzetu yeyote aliye katika dhiki kubwa apelekwe kwa mwalimu kwanza, wala asiambiwe akazunguke nyuma ya bwalo. Ninalosema ni dogo, nalo ni hili: nyakati za mtihani akili zetu huchoka kwa kuamua na kuhesabu. Ndani ya mzingile hakuna la kuamua. Miguu ina kazi yake, macho yana kazi ya kufuata mstari, na pumzi hujipanga kwa mwendo. Kwa dakika kumi hivi mtu hupumzika bila kulala. Kila mmoja wetu kati ya wale kumi na wawili alisema alitoka ametulia kuliko alivyoingia, na jirani yangu aliomba turudi Jumamosi iliyofuata.

Habari zilipoenea, hoja tatu zilitolewa katika chama cha mdahalo, nami yanipasa kuzijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza ilisema kwamba hii ni ibada ya Kikristo, na kwamba wenzetu Waislamu hawawezi kuishiriki. Wengine wakaongeza kwamba ni ushirikina. Jibu langu ni kwamba mchoro huu ulikuwapo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa Kristo. Yule karani wa mbuzi hakuwa Mkristo. Mchoro si sala. Mwenye kutaka kumkumbuka Mola wake anapotembea, amkumbuke kwa dini yake. Mwenye kutaka kufikiri juu ya kanuni za fizikia, afikiri. Wala hakuna hirizi, hakuna uganga, hakuna siri. Kila mtu anaona jinsi mistari ilivyochorwa, na aweza kuichora mwenyewe.

Hoja ya pili ilisema kwamba ardhi ile ingefaa kupandwa mchicha. Nakubali kwamba mchicha una faida. Lakini mzingile wa mizunguko 7, wenye njia ya upana wa sentimita 75, wahitaji uwanja wa mita 13 kwa 13 tu, usiofikia hata nusu ya uwanja wa netiboli. Mahali penyewe ni pakavu, pamejaa changarawe, na mchicha uliopandwa pale mwaka jana uliota kwa shida. Mawe tunayo mengi mno. Gharama yake ni jasho letu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo ilitolewa na mwalimu wetu mmoja ninayemheshimu sana. Alisema kwamba ushindani ndio unaomkuza kijana, na kwamba dunia ya nje haitatuhurumia. Tukizoeshwa njia zisizo na mshindi tutakuwa walegevu. Mwalimu, maneno yako ni ya kweli kwa sehemu. Mimi mwenyewe hushangilia bweni letu likishinda, na nikipata nafasi ya juu hufurahi. Siombi karatasi zisibandikwe, wala siombi mbio zifutwe. Lakini hata wakubwa wetu wameanza kuliangalia jambo hili. Katika matokeo ya Kidato cha Nne yaliyotolewa mwezi wa Januari mwaka 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora kama ilivyokuwa desturi. Mitihani haikufutwa, wala watu hawakuacha kusoma. Basi kama taifa zima liliweza kuweka namba fulani pembeni, shule yetu haiwezi kuweka pembeni mita 13 za changarawe? Jembe halilimi usiku na mchana. Huegeshwa, na likiegeshwa halijawa legevu.

Sasa natoa shauri langu waziwazi kwa Mwalimu Mkuu, walimu, viranja na wazazi. Tuupange mzingile kwa mawe nyuma ya bwalo kabla ya Siku ya Wazazi. Siku hiyo, baada ya hotuba na zawadi, wazazi na wanafunzi wautembee pamoja, mtoto aliyepata zawadi na mtoto asiyepata. Natamani kumwona mama aliyesafiri kutwa nzima kwa basi, ambaye mwanawe hakuitwa jukwaani hata mara moja, akitembea njia moja na mama wa mwanafunzi wa kwanza, wakipishana na kusalimiana. Baada ya hapo mzingile uachwe wazi jioni zote za majuma ya mtihani, na kila bweni lipewe zamu ya kung'oa majani na kurudisha mawe yaliyosogea. Zamu hiyo isitolewe alama!

Kwa wale wapendao kujaribu nyumbani wakati wa likizo, njia ya kuchora ni rahisi. Chora msalaba wa kujumlisha. Katika kila pembe yake moja ya nne chora pembe mraba ndogo, isiyougusa msalaba, ncha yake ikielekea katikati. Kisha weka nukta nne katika pembe za nje, ili mchoro wote uwe kama mraba. Sasa unganisha kichwa cha msalaba na ncha ya mstari ulio jirani yake upande wa kuume, kwa upinde mdogo unaopita juu. Rudi upande wa kushoto, chukua ncha inayofuata, uipitishe juu ya upinde wa kwanza hadi ncha au nukta inayofuata upande wa kuume. Endelea hivyo hivyo, kushoto kwenda kuume, kila upinde ukiufunika uliotangulia, mpaka ncha zote na nukta zote ziwe zimeungwa. Ukipata pinde 8 umefaulu, na njia 7 zitakuwa katikati yake. Ukikosea, futa uanze tena. Mchanga hauna kinyongo.

Namaliza kwa habari ya jirani yangu. Muhula huu bado haujaisha, na karatasi nyingine itabandikwa. Huenda akapanda, huenda asipande. Hilo silijui, wala yeye halijui. Lakini juzi usiku, taa zilipokwisha kuzimwa, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi ile siku, ulidhani umeniacha, sivyo?" Nikasema ndiyo. Akacheka chini ya blanketi, akasema, "Hata mimi nilidhani hivyo." Kisha akalala.

Wasalaam.